Pete Angavu kwenye Agari: Fangasi Amekula Nini Hasa?

Siku ya tano, nyuzi joto 28. Sahani ya petri inatoka kwenye inkubeta, inageuzwa na kuinuliwa mbele ya taa. Agari yake, yaani jeli ya kukuzia vijidudu, ilimiminwa ikiwa na weupe mzito, kwa kuwa ndani yake zimetawanywa chembe ndogo sana za polima, aina ya plastiki. Sasa katikati kuna koloni la kijani, na kulizunguka pana pete ya milimita chache ambako weupe wote umetoweka. Ukiweka ukurasa wenye maandishi nyuma ya sahani, herufi zinasomeka kupitia pete hiyo tu.

Daftarini inaandikwa alama ya kujumlisha, yaani chanya.

Alama hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Pete yenyewe ni ya kweli: kuna kitu kimetoka kwenye nyuzi za fangasi, kikasambaa ndani ya agari na kuvunja chembe zilizokuwa zikitawanya mwanga. Ninachokitilia shaka ni safari ya kutoka kwenye pete hiyo hadi kwenye kichwa cha habari kinachotangaza kwamba amepatikana fangasi anayekula plastiki. Katikati ya safari hiyo kuna kazi nyingi, na mara nyingi hairukwi kwa uvivu. Inarukwa kwa sababu pete inayaridhisha macho, na macho yakisharidhika ni vigumu kuuliza swali la pili.

Swali la pili ni hili: kilichovunjwa ni kile tulichotaka kivunjwe, au ni kile kilichokuwa rahisi kuvunjwa?

## Turubai la Visiwa vya Solomon

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vifaa vya pamba vya jeshi la Marekani vilikuwa vikioza upesi mno katika visiwa vya Pasifiki. Kutoka kwenye turubai lililooza huko Visiwa vya Solomon ikapatikana aina ya fangasi iliyopewa namba QM6a. Leo tunamwita Trichoderma reesei, kwa heshima ya mtafiti Elwyn Reese, na sehemu kubwa ya vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) vya kuvunja selulosi, kitu kinachounda pamba, vinavyotumika viwandani inatoka kwenye uzao wake.

Angalia pale utafutaji ulipoanzia: kwenye kitu halisi kilichokuwa kimeshaharibika. Hakuna aliyehitaji kubashiri kama fangasi yule anaiweza pamba.

Mwaka 1950 Reese na wenzake walichapisha jambo ambalo naona lingepaswa kubandikwa ukutani katika kila maabara ya mchujo, yaani inayowapima fangasi wengi ili kuwapata wachache wenye kimeng'enya kinachotafutwa. Fangasi wengi waliweza kuvunja selulosi iliyobadilishwa kikemia ili iyeyuke majini. Waliokuwa na uwezo wa kuivunja pamba yenyewe walikuwa wachache zaidi. Yaani substrati (kitu kinachopewa kimeng'enya kivunje) iliyo laini ilikuwa ikiwapa alama nzuri watu wasioijua kazi. Reese alipendekeza kwamba lazima kuna hatua ya kwanza, aliyoiita C1, inayolegeza muundo wa fuwele, kisha ndipo vimeng'enya vya kukata, Cx, vipate pa kushika.

Maelezo ya C1 na Cx hayakubaki kama alivyoyaweka. Ila sehemu ya kitendawili chake ilifumbuliwa mwaka 2010, ilipoonyeshwa kwamba kuna vimeng'enya, ambavyo baadaye vilijulikana kuwa na shaba, vinavyokata kitini ya fuwele (polima ngumu inayofanana na selulosi) kwa oksidesheni, si kwa maji. Ndugu zao wa upande wa fangasi walikuwa wameshaonekana zamani, wakawekwa katika familia ya GH61 kwa sababu walionyesha utendaji hafifu kwenye selulosi ya kuyeyuka. Utendaji hafifu! Walikuwa wakipimwa kwa substrati isiyo yao, bila kupewa kitu cha kuwapa elektroni kama asidi askobiki, wakaonekana dhaifu. Sasa wako katika kundi AA9, na michanganyiko ya kisasa ya kuvunja mabaki ya mimea inawategemea.

Kwa hiyo substrati laini hukosea pande mbili. Inampitisha asiyestahili, na inamwacha nje anayestahili.

## Rangi nyekundu na asidi

Sahani ya selulosi bado ni njia nzuri ya kupunguza idadi, mradi ijulikane inapima nini. Mchanganyiko unaofanya kazi ni selulosi ya kaboksimethili (CMC), ile inayoyeyuka majini, asilimia 1 na agari asilimia 1.5 kwenye chumvi za madini, bila glukosi. Glukosi ikiwepo, fangasi hufunga jeni za selulasi, vimeng'enya vya kuvunja selulosi, kupitia mfumo wa kukandamiza unaoitwa CreA kwenye Aspergillus na Cre1 kwenye Trichoderma, na sahani itasoma sifuri hata kwa fangasi hodari. Nyunyiza rangi nyekundu ya Kongo asilimia 0.1, iache dakika 15 hadi 20, imwage, kisha suuza mara mbili kwa maji ya chumvi ya kawaida ya moja molari. Njia hii inatokana na kazi ya Teather na Wood ya mwaka 1982, na imedumu kwa sababu ni rahisi.

Tatizo lake kubwa kwa fangasi ni asidi. Rangi hii hugeuka buluu pH ikishuka chini ya 5 hivi, na Aspergillus niger anaweza kuishusha mbali zaidi ya hapo. Utaona pete ya zambarau iliyokolea, na kwa haraka utaisoma kama kingo za eneo lililovunjwa. Kuosha sahani kwa bafa (kimiminika kinachoshikilia pH isibadilike) ya pH 7 au 8 kabla ya kupaka rangi kunaliondoa tatizo hilo.

Lingine ni mwendo wa fangasi mwenyewe. Rhizopus au Trichoderma hufunika sahani nzima kwa siku mbili tatu, na pete iliyofunikwa na koloni haionekani. Kipimo kinachopendwa, kipenyo cha pete kugawanywa kwa kipenyo cha koloni, kinamtukuza anayekua polepole na kumwadhibu anayekua haraka. Hakisemi lolote kuhusu kiasi cha kimeng'enya. Njia ya haki zaidi ni kumkuza kwenye maji, kuchuja, halafu kutia mikrolita 50 za maji hayo kwenye kitundu cha milimita 6 kilichotobolewa kwenye agari. Hapo kila mmoja anaanzia mstari mmoja.

## Weupe wa poliesta

Kwa plastiki, sahani inayotumika sana ni ya polikaprolaktoni, PCL. Yeyusha gramu 1 katika mililita 30 hivi za asetoni iliyopashwa moto kwenye maji ya nyuzi 45, ndani ya kabati la kuvuta hewa, mbali kabisa na moto au swichi inayotoa cheche. Agari yenye chumvi za madini, lita 1, iwe imeshatoka kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) na kupoa hadi nyuzi 55. Ikoroge kwa nguvu na udondoshee PCL tone kwa tone.

Hatua ya tone kwa tone ndiyo inayoamua kila kitu. Ukimwaga kwa mkupuo, polima hugandamana kuwa nyuzi nyeupe zinazoelea juu, na sahani zitakazopatikana zitakuwa na madoa: mahali pamoja pazito, pengine patupu. Patupu pakikutana na koloni, umeshapata chanya ya uongo. Usiitie PCL kwenye otoklevu pamoja na agari, maana huyeyuka kwenye nyuzi 60 na kukusanyika kama mafuta. Sahani zikishaganda, ziache wazi kwenye kabati safi lenye mkondo wa hewa mpaka harufu ya asetoni iishe, la sivyo spora zitasita kuota.

Jambo moja dogo linalosaidia sana: mimina kwanza tabaka la agari tupu la mililita 10, liache ligande, kisha juu yake tabaka jembamba la mililita 5 lenye PCL. Pete huonekana mapema, kwa kuwa kimeng'enya hakihitaji kusafisha unene wote wa sahani. Ikiwa ukuaji unasuasua, dondoo ya hamira asilimia 0.05 inatosha kuuanzisha.

Sasa, PCL inapima nini? Kwa umbo la kikemia iko karibu sana na kutini, nta-poliesta inayofunika majani ya mimea. Fangasi yeyote anayeingia kwenye jani au kuozesha majani yaliyoanguka ana sababu ya kumiliki kutinasi, kimeng'enya cha kukata kutini. Fusarium anayo, Aspergillus anayo, Botrytis anayo. Ndiyo maana mchujo wa PCL hutoa chanya nyingi. Ni taarifa ya kweli kuhusu ikolojia ya fangasi, na ni taarifa ndogo kuhusu plastiki.

Impranil DLN inastahili neno lake. Ni maziwa meupe ya poliyurethani ya poliesta, karibu asilimia 40 ikiwa ni polima, yanayochanganyika na agari bila shida yoyote. Mwaka 2011 kundi la Chuo Kikuu cha Yale lilichapisha kazi kuhusu fangasi waishio ndani ya mimea ya Ecuador, na Pestalotiopsis microspora akaonekana kuisafisha Impranil, hata pasipo oksijeni, kwa kimeng'enya cha aina ya hidrolasi ya serini, yaani kinachokata vifungo kwa maji kikitumia asidi amino iitwayo serini. Ilikuwa kazi nzuri. Kilichoharibika ni jinsi ilivyosimuliwa baadaye, kana kwamba godoro la povu litamezwa vivyo hivyo.

Povu laini la magodoro kwa kawaida hutengenezwa kwa polietha. Halina vifungo vya esta, vile vinavyounganisha vipande vya poliesta, vya kukatwa.

Na hata kwenye Impranil yenyewe, chembe zikikatwa vifungo vya esta vya kutosha, weupe unaondoka wakati vifungo vya urethani vinaweza kuwa bado vizima. Macho hayana namna ya kutofautisha.

## Kukiua kimeng'enya makusudi

Shaka hii haiondolewi kwa kurudia sahani ileile. Inaondolewa kwa kujaribu kuiharibu chanya.

Chukua maji ya ukuzaji yaliyotoa pete, yagawe. Sehemu moja iache ilivyo. Nyingine ipitishe kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 15. Ikiwa iliyochemshwa nayo inatoa pete, hakuna kimeng'enya hapo. Ni asidi, au ni kitu kama sabuni ambacho fangasi amekitoa. Sehemu ya tatu irudishe kwenye pH ya agari ambayo haijapandwa, uone kama pete inabaki. Ya nne itie PMSF ya milimolari 1, inayoziba serini ya kwenye kitovu cha kutinasi na lipasi nyingi. Iyeyushe PMSF kwenye isopropanoli na uitie papo hapo, kwa kuwa kwenye maji huharibika haraka. Na lazima pawepo sampuli iliyotiwa isopropanoli peke yake. Ni sumu, kwa hiyo glavu si hiari. Pete ikizimika kwa PMSF na kubaki kwa isopropanoli, sasa unaweza kuandika daftarini neno "hidrolasi ya serini" na kulisimamia.

Pia panda fangasi huyo kwenye agari yenye chumvi tupu, bila polima. Agari ina uchafu wa kutosha kumlisha fangasi mvumilivu, na nyuzi nyembamba zitatambaa. Ukuaji juu ya sahani yenye plastiki haumaanishi kitu mpaka uzidi ukuaji wa sahani isiyo nayo.

Kisha kuna kipimo cha rangi ya njano, nitrofenili butireti, kinachosomwa kwenye nanomita 405. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Njano hiyo inaonekana pale tu nitrofenoli inapopoteza protoni yake, na nusu yake hupoteza protoni kwenye pH 7.15 hivi. Maji ya fangasi mara nyingi yana pH 4 au 5. Ukipima humo bila bafa, kimeng'enya kitafanya kazi, nitrofenoli itatoka, na hutaona rangi. Utaandika hasi. Ukikimbilia pH 9 ili rangi iwe kali, substrati inaanza kuvunjika yenyewe na kila kitu kinakuwa chanya. pH 7.5 hadi 8, pamoja na kikombe kisicho na kimeng'enya kwenye kila mzunguko wa kupima, ndiyo njia ya katikati inayoaminika.

## Mchujo wa PET haufanyi kazi kwenye nyuzi 28

Hapa ndipo mchujo mwingi unapokwama, na sababu iko kwenye plastiki zaidi kuliko kwenye fangasi.

Minyororo ya PET, plastiki ya chupa za vinywaji, ni migumu, ina pete za benzeni, na kwenye joto la kawaida imekaa kimya. Inaanza kulegea karibu na nyuzi 70. Chini ya hapo kimeng'enya kinakwaruza uso tu. Juu ya hilo kuna fuwele: chupa huwa na fuwele za asilimia 30 hivi au zaidi, na sehemu hizo hazifunguki kirahisi. Bakteria Ideonella sakaiensis, aliyetangazwa mwaka 2016 kwa kukua juu ya PET, alipewa filamu yenye fuwele asilimia 1.9. Halikuwa kosa la watafiti, waliliandika wazi. Kosa ni la anayesoma "PET" na kuona chupa.

Upande wa fangasi tuna kutinasi ya Humicola insolens, inayostahimili joto. Mwaka 2009 ilionyeshwa kuimaliza karibu filamu yote ya PET yenye fuwele asilimia 7, kwa saa 96 kwenye nyuzi 70. Na kimeng'enya cha LCC kilichoboreshwa, kilichotangazwa mwaka 2020, kilivunja asilimia 90 ya PET kwa saa 10 kwenye nyuzi 72, baada ya plastiki hiyo kupunguzwa fuwele na kusagwa. Asili ya LCC ni rundo la majani yanayooza. Haikutoka jalalani.

Jambo hilo la mwisho linanigusa kila ninapolifikiria. Tunakimbilia madampo kwa sababu plastiki iko huko. Lakini mageuzi yamekuwa yakifundisha vimeng'enya kukata poliesta kwa mamilioni ya miaka kwenye majani, na marundo ya majani yanayooza hupata joto lenyewe. Kama ningekuwa na nafasi ya kuchagua sampuli chache tu kwa ajili ya PET, ningezichota katikati ya rundo la majani lenye nyuzi 50, si juu ya chupa iliyolala juani.

Kipimo chenyewe kisiwe cha macho. Weka kipande cha filamu isiyo na fuwele, kilichooshwa kwa ethanoli ya asilimia 70 na kukaushwa, kwenye bafa ya pH 8 pamoja na kimeng'enya kilichokolezwa kwa kichujio cha kilodaltoni 10. Kutinasi nyingi zina ukubwa wa kilodaltoni 20 hadi 25, kwa hiyo hazipiti kichujio hicho. Tikisa kwenye nyuzi 50, 60 na 70. Pima bidhaa kwa HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, kwenye nanomita 240: asidi tereftaliki, MHET, BHET, ambavyo ni vipande vidogo vya PET. Bidhaa hizo zikiongezeka kwa muda, na kikombe kisicho na kimeng'enya kikibaki kitupu, umeona PET ikivunjika. Angalia pH pia kila baada ya muda, kwa sababu asidi tereftaliki ni asidi, na kazi ikienda vizuri itaimaliza nguvu ya bafa na kimeng'enya kitasimama kwa mafanikio yake chenyewe.

Na usishangae ikiwa fangasi mzima anafanya vizuri kuliko kimeng'enya chake kilichosafishwa. Aspergillus oryzae hutoa protini ndogo inayoitwa RolA, inayong'ang'ania uso wa poliesta na kuivuta kutinasi ije ikae hapo. Ukisafisha kutinasi peke yake, umemwacha msaidizi nje.

## Polithini, na uzito uliopungua

Polithini haina esta wala amidi. Ni kaboni kwa kaboni. Kutinasi haina pa kushika kabisa, na pete kwenye sahani yoyote kati ya zilizotajwa juu haina uhusiano nayo.

Kwa hiyo watu hupima uzito. Filamu inazikwa kwenye koloni kwa wiki nane, inaoshwa, inapimwa, uzito umepungua asilimia chache. Lakini filamu ya kawaida ina viongeza: vilainishi, vizuia oksidesheni, pamoja na minyororo mifupi ya polima iliyobaki kiwandani. Fangasi anaweza kula hivyo vyote na kuiacha polithini palepale. Filamu iliyokaa juani kwanza ina hali tofauti tena, maana mwanga umeshaikata na kuiwekea vikundi vya kabonili. Hapo fangasi anakula kazi ya jua.

Mionzi ya infraredi nayo inahitaji tahadhari. Watu hutafuta kilele cha kabonili karibu na 1715 kwa sentimita. Protini za fangasi zina vilele karibu na 1650 na 1540, na mafuta yake yana kabonili yao wenyewe karibu na 1740. Filamu isipooshwa vizuri, unapiga picha ya fangasi na kuiita plastiki iliyooksidika. Mwaka 2017 jambo la aina hiyohiyo liliibuka kwenye mjadala wa viwavi wa nta waliosemekana kuvunja polithini: wakosoaji walionyesha kwamba alama za infraredi zilizotajwa zingeweza kutokana na mabaki ya mwili wa kiwavi juu ya filamu. Kuosha kwa SDS (sabuni ya maabara) ya asilimia 2 kwa saa kadhaa, kisha maji, kisha ethanoli, kunasaidia. Vilele vya 1650 na 1540 vikiwa bado vipo baada ya hapo, usitumie kilele cha kabonili kwa hoja yoyote.

Nyufa kwenye picha za darubini ya elektroni nazo naziamini kidogo sana. Ukaushaji pekee unaweza kuzitengeneza.

Ushahidi ninaoukubali kwa polithini ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mgawanyo wa urefu wa minyororo kabla na baada, uliopimwa kwa kromatografia ya joto la juu: minyororo mirefu ikikatwa, mkunjo wote unasogea, na viongeza haviwezi kuigiza hilo. Wa pili ni polima iliyotengenezwa kwa kaboni-13, kisha kaboni hiyo ikaonekana kwenye hewa ukaa inayotoka au ndani ya mwili wa fangasi. Ni ghali, ni kazi ndefu, na ndiyo inayojibu swali.

## Nani aingie kwenye mchujo

Kuwapata fangasi si kugumu. Gramu 1 ya udongo au majani yaliyooza kwenye mililita 9 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85, izimue mara kumi kumi hadi hatua ya nne au ya tano, kisha tandaza mililita 0.1. Kloramfenikoli ya miligramu 100 kwa lita inazuia bakteria na inastahimili otoklevu. Rangi ya Rozi Bengali inawapunguza mwendo wale wanaokimbia, lakini sahani zake zikae gizani. Zikipigwa na mwanga hutengeneza sumu inayoua hata uliowataka.

Kinachohitaji uamuzi ni nani aachwe. Ukikuza kwenye nyuzi 45 kutoka kwenye mboji, atakayejitokeza kwa wingi ni Aspergillus fumigatus, ambaye anaambukiza mapafu ya binadamu. Kwa hiyo sampuli za joto zifunguliwe kwenye kabati la usalama la daraja la pili tu, na sahani zisifunguliwe kunusa wala kuangalia kwa karibu. A. flavus anaweza kutoa aflatoksini. Hakuna kiwanda kitakachomkuza mmoja wa hawa kwenye matangi, hata awe na kimeng'enya bora duniani. Jeni yake italazimika kuhamishiwa kwenye chachu Komagataella phaffii, au kwenye T. reesei. Ni vizuri kulijua hilo siku ya kwanza, kabla ya kutumia miezi kuboresha ukuzaji wa fangasi ambaye hatatumika.

Utambulisho usiishie kwenye ITS. Kipande hicho cha DNA kinatosha kukuambia uko kwenye Aspergillus, lakini ndani ya makundi yake spishi nyingi zinafanana hapo. Tumia jeni ya kalmodulini kwa Aspergillus, na jeni ya TEF1 kwa Fusarium na Trichoderma.

## Mrija kwenye friza

Aina nyingi nzuri hupotea baada ya kugunduliwa. Zinahamishwa kutoka sahani hadi sahani kwa mwaka mzima kwenye chakula kitamu, zinaacha kutoa spora, zinaacha kutoa kimeng'enya, na anayejaribu kurudia matokeo anaambulia hasi. Siku koloni linapokuwa safi, kata vipande vya agari vya milimita 5 na uviweke kwenye gliseroli ya asilimia 20 kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, mirija isiyopungua mitano, na vingine kwenye maji safi yaliyoondolewa vijidudu kwa nyuzi 4 kama akiba endapo friza itazimika. Kila jaribio muhimu lianze na mrija mpya.

Na kwenye rekodi ya mrija huo paandikwe mahali sampuli ilipochotwa, joto la hapo, tarehe, na kibali cha kuichukua. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inatambua haki ya nchi juu ya viumbe vyake, na kibali kinatafutwa kabla ya udongo kutoka ardhini. Kisha badala ya alama ya kujumlisha, iandikwe substrati kwa jina lake kamili: PCL iliyotawanywa kwenye agari, nyuzi 28, pete baada ya siku 5, inazimwa na PMSF, filamu ya PET isiyo na fuwele, nyuzi 60, haijapimwa.